Ng'ombe haingii joto: kabla hujamchoma sindano, jua kwanza kilicho kwenye ovari zake

#1 Mfugaji wa Chanika

Wakuu, habari za jioni.

Jambo hili nimekaa nalo moyoni tangu mwezi wa tatu. Leo naliandika lote, kwa sababu juzi jirani yangu alikuwa ameshampigia mtu simu aje amchome ng'ombe wake "sindano ya joto", ile ya kumfanya atake dume, na nilipomuuliza kama ng'ombe kapimwa mimba akaniambia bado. Nilimwomba asubiri, akasubiri. Uzi ni mrefu, tuvumiliane.

Nafuga huku Chanika, ng'ombe wa maziwa, chotara wa Friesian. Wanashinda na kulala bandani, majani yanaletwa na guta. Mwezi wa kumi na mbili mwaka jana niliongeza mmoja, nikamwita Neema. Aliyeniuzia alisema hajapandishwa tangu azae. Nikakaa naye miezi miwili na nusu sioni joto. Mwanzoni nilidhani ni jua la Januari, baadaye nikaanza kupiga hesabu ya hasara, maana kila joto linalopita ni siku 21 za kulisha huku ndama hayupo njiani. Nikampigia mtu anayetembeza dawa za mifugo. Akaja na pikipiki, akauliza ng'ombe ana muda gani hajaonyesha joto, akavuta dawa kwenye kichupa, akachoma pajani. Glavu hakuvaa, mkono hakuingiza kupima. Akasema, "Siku ya tatu nipigie nije nimhimilishe," yaani ampandikize mbegu kwa mrija.

Siku ya tatu, saa kumi na moja alfajiri, niliingia bandani na tochi ya simu. Neema alikuwa amesimama kajikunja mgongo, kondo linaning'inia. Nyuma yake kwenye saruji kulikuwa na ndama, mkubwa kupita panya buku, mdogo kuliko paka, hana unywele hata mmoja, mishipa inaonekana chini ya ngozi, na kwato zimeshajitenga mbili mbili. Nikamfunika na gunia, nikakaa pale mpaka kukapambazuka.

Neema alikuwa na mimba. Ndiyo maana hakuwa anaingia joto. Bandani mle hakuna aliyekuwa mzima kuliko yeye.

Mwanzoni nilijipa moyo kwamba pengine ni brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba. Damu ikapelekwa maabara Vetenari, Temeke, ikarudi safi. Hapo nikatafuta kujua tulimchoma nini. Kichupa kilikuwa bado kwenye ndoo ya taka: homoni inayoitwa prostaglandini.

Afisa mifugo mmoja, mama mvumilivu sana, aliona ninavyohangaika akaniambia twende machinjioni, nikajifunze kwa macho. Tukaomba vizazi vitatu vya ng'ombe waliochinjwa asubuhi ile, tukaviweka juu ya meza, akatoa wembe. Ovari ya ng'ombe ni kitu kidogo jamani, haizidi kungu dogo. Ya kwanza ilikuwa na lengelenge limevimba juu yake, linang'aa. Akalichoma kwa ncha ya wembe, maji ya manjano hafifu yakaruka mpaka kwenye shati langu. "Hiki ni kifuko cha yai, ndiyo folikuli." Ya pili ilikuwa na kinundu kimejitokeza kama kizibo. Akakipasua katikati: ndani ni nyama ya rangi ya embe dodo lililoiva, imejaa, ukiibonyeza inarudi. "Hiki ndicho kinundu cha njano. Wataalamu wanakiita korpasi luteamu. Sindano uliyochomewa inaua hiki." Ya tatu ilikuwa ndogo, ngumu, juu haina kitu. Huyo ng'ombe alikuwa mifupa mitupu.

Akaniambia: "Ukiwaona zizini, wote watatu wamesimama kimya. Humu ndani kila mmoja ana habari yake."

Ndicho nilichotaka kukisema kwenye uzi huu. Kabla ya kuchoma homoni yoyote, mtu mwenye ujuzi aingize mkono ajue kuna mimba au hakuna, na ovari zina nini. Maswali yanakaribishwa.

#2 Kisima cha Bunju

Pole sana mkuu. Nimesoma nikiwa kwenye daladala, hapo kwenye gunia nikasimamisha kusoma kwanza. Naweka kambi.

#3 Mama Zawadi wa Goba

Pole kaka. Mimi nina ng'ombe mmoja tu, Ayrshire chotara, amezaa mwezi wa saba na mpaka leo sijaona joto. Miezi minne inakwisha. Maziwa anatoa vizuri lakini mgongo umeanza kuonekana. Nampa machicha ya bia, pumba, na majani tukipata. Naomba utueleze hizo homoni zinafanyaje kazi, lakini kwa Kiswahili cha kueleweka, maana kila ninayemuuliza ananitajia jina la dawa tu.

#4 Mfugaji wa Chanika

Dada, nitaeleza kama nilivyoelezwa, na wataalamu wakiwepo watanisahihisha.

Kazi inaanzia kichwani. Chini ya ubongo kuna sehemu inaitwa haipothalamasi. Inatoa homoni ya GnRH, na haiitoi mfululizo, inaitoa kwa mapigo, kama mtu anayebisha hodi. Chini yake kuna tezi ndogo, pituitari. Ikisikia mapigo hayo inamwaga homoni mbili kwenye damu, FSH na LH. FSH inaamsha vifuko vya mayai kwenye ovari, kundi zima kwa pamoja. Baada ya siku chache kimoja kinavitangulia vingine. Kikifika kama milimita 8 na nusu kinashika utawala: kinatoa estrojeni na homoni nyingine inaitwa inhibini, zinapanda mpaka kichwani na kupunguza FSH, na vile vingine vinakosa riziki vinakufa. Chenyewe hakifi, kwa sababu kimeshaanza kulishwa na LH.

Nilikuwa naamini ng'ombe anaandaa yai moja kwa mwezi, basi. Kumbe ndani ya zile siku 21 vifuko vinakuja kwa mawimbi, mawili au matatu. Kifuko kikubwa cha wimbi la kwanza kinakua, kinang'aa, kinakufa bila kuachia yai. Kinachokizuia ni kile kinundu cha njano.

Kinundu kinatokea pale pale kifuko cha joto lililopita kilipopasuka. Seli zilizobaki kwenye kovu zinageuka kiwanda cha projesteroni. Hii ndiyo homoni ya kutunza mimba, na kazi yake mojawapo ni kuyapunguza kasi mapigo ya LH. Kifuko ili kikomae na kupasuka kinataka mapigo ya haraka, kama moja kila saa. Projesteroni ikiwa juu, mapigo yanakuja kila baada ya saa kadhaa, na kifuko kinanyauka.

Kwa maneno mengine, baada ya kila joto mwili wa ng'ombe unajiweka kama wenye mimba, unasubiri habari. Habari inatakiwa itoke kwa kiinitete chenyewe. Kuanzia siku ya 15 hivi mpaka ya 17, kikiwa bado hakijajishikiza vizuri ukutani, kinatoa protini inaitwa interferoni tau, na kizazi kinajua kuna mtu ndani. Kizazi kisipopata habari hiyo, kufikia siku ya 16 au 17 kinaanza kutoa prostaglandini. Kwa ng'ombe, ateri ya ovari imejisokota juu ya mshipa unaotoka kwenye kizazi, na prostaglandini inapenya kutoka mshipa mmoja kwenda mwingine palepale, haizunguki kwanza mwili mzima, maana ikipita kwenye mapafu sehemu kubwa inaharibiwa. Inakifikia kinundu, kinundu kinakufa ndani ya siku moja au mbili. Projesteroni inashuka, mapigo ya LH yanaongeza kasi, kifuko kilichopo wakati huo kinakua na kumwaga estrojeni. Estrojeni nyingi bila projesteroni ndiyo joto lenyewe tunaloliona. Na hiyo hiyo estrojeni inaiambia haipothalamasi iachie GnRH kwa wingi, LH inafurika mara moja, na yai linatoka kama saa 24 mpaka 32 tangu joto lianze.

Kwa hiyo ile sindano ya Neema ilikuwa ni ile ile habari ya kwamba mimba hakuna. Tuliudanganya mwili wake, ukaamini.

#5 Kijana wa Kongowe

Mkuu pole, ila mimi naona tusitishane. Mimi huku Kongowe nachoma kila ng'ombe anayechelewa na wengi wanaingia joto. Kumlipa daktari aje apime kila mara nayo ni gharama. Tatizo ninaloliona ni dawa feki. Kuna mmoja nimemchoma mara tatu hakuonyesha kitu.

#6 Dokta wa Zizini

Habari wakuu. Mimi ni daktari wa mifugo, nazunguka Kibamba mpaka Goba. Mleta mada ameeleza vizuri, sina cha kurekebisha pale. Niongee na Kijana wa Kongowe.

Ndugu yangu, huyo uliyemchoma mara tatu, dawa yako inawezekana kabisa ilikuwa nzima. Prostaglandini haileti joto. Inaua kinundu cha njano, joto linafuata lenyewe. Kama hakuna kinundu, hakuna cha kuua, ungechoma hata mara kumi. Halafu kuna jambo la pili: kinundu kikiwa kichanga, siku tano za mwanzo baada ya joto, hakiisikii dawa. Ukimchoma siku ya tatu utadhani dawa feki. Kuanzia siku ya sita au ya saba kinaisikia, na joto linakuja kati ya siku ya 2 na ya 5 baada ya sindano. Wanatofautiana kwa sababu inategemea dawa imekikuta kifuko cha wakati huo kikiwa na ukubwa gani. Kikubwa, joto linakuja haraka. Kama lilikuwa linaanza wimbi jipya, mpaka kikue. Ndiyo sababu mwenye ng'ombe wengi wanaozunguka vizuri anashauriwa kuchoma mara mbili kwa kuachanisha siku 11 mpaka 14. Waliokuwa na kinundu kichanga mara ya kwanza, ya pili itawakuta tayari.

Hao walioingia joto kwako walikuwa wazima, joto lao lilikuwa linapita usiku umelala. Ambaye hakuingia ndiye mgonjwa wako, na huyo ndiye hakupimwa.

Huyo naweza kukisia anafanana na ile ovari ya tatu ya machinjioni. Tunasema ovari zimelala. Ng'ombe wa maziwa akishazaa, chakula anachokula hakitoshi maziwa anayotoa, anayeyusha mafuta ya mwili wake. Insulini na homoni inayofanana nayo, IGF-1, zinashuka, mapigo ya LH yanapungua, vifuko vinaanza kukua na kufa bila kufika. Mwili unasema huyu hana akiba ya kubeba mwingine. Ndama anayenyonya siku nzima anaongeza tatizo, kwa sababu kule kunyonya, na hata kumwona na kumnusa mwanawe, kunabana GnRH. Kwa ng'ombe wetu wa asili hili ni kubwa sana, watu wanashangaa kwa nini anazaa leo na kurudi joto baada ya mwaka.

Ovari zilizolala haziamshwi na prostaglandini. Zinaamshwa na chakula kwanza. Mama Zawadi, machicha ni mazuri lakini sehemu kubwa ni maji, tumbo linajaa kabla mwili haujashiba. Ongeza mashudu ya alizeti na pumba nzuri ya mahindi, jiwe la madini liwepo muda wote, na majani makavu yasikosekane. Dawa ya minyoo mpe. Baada ya hapo, kama bado, kuna kifaa cha projesteroni kinachowekwa ukeni siku 7 na kutolewa. Kikitolewa mwili unaona projesteroni imeshuka ghafla, kama vile kinundu kimekufa, na wengi wanaamka.

Kuna kundi la tatu, uvimbe wa maji kwenye ovari. Kifuko kinapita milimita 25, hakipasuki, kinakaa siku 10 na zaidi. Wengine wanakuwa na joto kila siku chache, wengine kimya kabisa. Hawa tunawaanza na GnRH. Na wanaobaki na kinundu kwa sababu kizazi kimejaa usaha, hao prostaglandini ndiyo dawa yao hasa. Unaona mwenyewe: bandani hali ni moja, "haingii joto", na tiba ni tofauti kabisa.

Mleta mada, nimefurahi ulikwenda machinjioni. GnRH yenyewe ilipatikana kwa njia hiyo. Andrew Schally na Roger Guillemin, kule Marekani, walisaga ubongo wa nguruwe na wa kondoo kutoka machinjioni kwa maelfu kwa maelfu ili wapate chembe tu ya homoni za haipothalamasi, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Kichupa ninachotembea nacho kwenye begi kinatokana na kazi ile.

#7 Kijana wa Kongowe

Nimekuelewa dokta, na nashukuru hukunikaripia. Yule wa mara tatu kweli amekonda. Nitakutumia ujumbe.

#8 Mama Zawadi wa Goba

Dokta asante sana. Mimi ile dawa nilishanunua, nimeangalia jina ni hiyo hiyo prostaglandini. Ipo juu ya kabati. Nilipanga nimchome mwenyewe kesho asubuhi, nimezoea kuchoma kuku na ng'ombe, baba alinifundisha. Swali langu: kwa kuwa sijampandisha tangu azae, nikichoma bila kupima kuna hatari? Na samahani kwa swali lingine, mimi mwenyewe ni mjamzito, miezi mitano, kuna dawa za mifugo natakiwa kuziepuka?

#9 Dokta wa Zizini

Mama Zawadi, USIIGUSE HIYO DAWA. Hata kichupa. Prostaglandini inapenya kwenye ngozi na inaweza kumfanya mjamzito atoke mimba. Mwenye pumu pia asiishike, inabana kifua. Mpe mtu mzima mwingine avae glavu, aifunge kwenye mfuko, aiweke mbali na watoto, na mimi nitaichukua. Ikimdondokea mtu, aoshe mara moja kwa sabuni na maji mengi. Naomba unijibu hapa hapa kwamba umesoma.

#10 Mfugaji wa Chanika

Dada Mama Zawadi, tafadhali jibu.

#11 Mama Zawadi wa Goba

Nimesoma. Mume wangu ameitoa, amevaa glavu za kukamulia, ameifungia stoo nje. Aliyeniuzia hakuniambia neno. Nimekaa chini kwanza. Mungu awabariki.

#12 Kisima cha Bunju

Hapa mods wauweke uzi huu juu. Sikuwahi kulisikia hili na mke wangu ndiye anayechoma kwetu.

#13 Mzee wa Kibamba

Wanangu, nimewasoma wote. Nimestaafu uafisa mifugo, nimehimilisha ng'ombe miaka mingi, tangu mirija ya mbegu ikitufikia kutoka kituo cha mbegu cha Usa River, Arusha, tunaipokea kama mgeni. Mmeongea homoni vizuri. Niwaongezee jicho, kwa sababu ng'ombe wengi mnaosema hawana joto wanalo.

Hapa Dar joto la ng'ombe ni fupi. Jua na unyevu wa pwani vinapunguza estrojeni, na ng'ombe naye hataki kupandana saa nane mchana kwenye bati la moto. Anasubiri ubaridi. Kati ya Desemba na Machi ukitaka kuliona, liangalie saa nne usiku na saa kumi alfajiri. Vitabu vinasema saa 12 mpaka 18, mimi nimeona ya saa sita tu, limekwisha. Halafu mnawafuga kwenye saruji inayoteleza, anaogopa kumpanda mwenzake asivunjike. Na mwenye ng'ombe mmoja, kama mwanangu wa Goba, nani ampande?

Alama ya uhakika ni kusimama anapopandwa, asikimbie. Kama yuko peke yake, angalieni hivi. Analia bila njaa. Maziwa yanapungua siku hiyo. Uke umevimba kidogo na ndani umekuwa mwekundu kuliko kawaida. Ute unatoka, mweupe wa kuona upande wa pili, unavutika kama ute wa bamia na haukatiki. Huo ute ndio shahidi wangu mkubwa. Ukikauka kwenye mkia unabaki unang'aa kama gundi, kwa hiyo asubuhi kabla ya kukamua shikeni mkia mwangalie.

Na damu. Siku moja mpaka tatu baada ya joto, wengi wanatoa damu kidogo. Mfugaji anapiga simu anasema mzee ng'ombe ameingia hedhi, njoo umhimilishe. Yai limeshakwenda zake. Damu ile inakwambia ulikosa. Andika tarehe, hesabu siku 18 au 19 mbele, anza kulala macho.

Muda wa kuhimilisha: ukimwona asubuhi, mhimilishe jioni. Ukimwona jioni, kesho yake asubuhi. Kanuni hii aliifanyia kazi Trimberger kule Nebraska, Marekani, miaka ya 1940, na bado inanifaa. Sababu mmeshaieleza wenyewe, yai linachelewa kutoka na mbegu lazima zitangulie zikalisubiri, zisifike zimechoka wala zisikute yai limezeeka.

#14 Mfugaji wa Chanika

Shikamoo mzee. Hili la damu nimelifanya mara mbili, mhimilishaji akanikubalia na hela akachukua. Kuanzia leo nina daftari.

#15 Mpwapwa Mweusi

Wakuu nina mtamba, miaka miwili na nusu, mnene, mzuri, hajawahi joto hata siku moja. Alizaliwa pacha na dume. Nimchome nini?

#16 Dokta wa Zizini

Usimchome kitu. Ndama jike aliyezaliwa pacha na dume, zaidi ya 9 kati ya 10 ni tasa. Wakiwa tumboni makondo yao yaliungana, damu ya dume ikapita kwake na homoni za kiume zikazuia ovari na kizazi visijijenge. Uke wao unakuwa mfupi, tunapima kwa kuingiza kifaa cha mviringo taratibu. Mlete tupime. Ikiwa ndiyo hivyo, mnenepeshe umuuze kwa nyama, usipoteze mwaka mwingine.

#17 Mpwapwa Mweusi

Dah. Asante kwa ukweli, dokta. Nilimpenda sana yule.

#18 Kisima cha Bunju

Dokta, nasikia kuna mpango wa kuchoma kwa ratiba halafu unahimilisha bila hata kuona joto. Upo kweli?

#19 Dokta wa Zizini

Upo, unaitwa Ovsynch, ulitoka Chuo Kikuu cha Wisconsin, ukachapishwa 1995. Siku ya kwanza, tuiite sifuri, GnRH: kifuko kikubwa kilichopo kinapasuka na wimbi jipya linaanza. Siku ya 7 prostaglandini: kinundu kinakufa. Siku ya 9 jioni GnRH tena, na siku ya 10 asubuhi, kama saa 16 baadaye, unahimilisha. Unafaa sana kwa banda la ng'ombe wengi ambako hakuna wa kukesha. Ila kwa mfugaji wa ng'ombe mmoja au wawili, sindano tatu ni gharama, na mimi binafsi naona daftari la mzee na saa kumi alfajiri vitakusaidia zaidi. Na ng'ombe aliyekonda ratiba haimwokoi.

Jambo lingine nililisahau. Ndama aliyetupwa msimshike kwa mikono mitupu. Kama ni brusela, inaingia kwa binadamu. Mleta mada, damu ya Neema ilirudi safi, ila siku ile hukuwa unajua.

#20 Mama Zawadi wa Goba

Wapendwa, narudi na habari.

Dokta alikuja Jumamosi. Mimi nilikaa mbali, mume wangu ndiye aliyemshika ng'ombe. Akavaa glavu ndefu mpaka begani, akaingiza mkono, akawa anaangalia juu kama mtu anayesikiliza. Mimba hakuna. Ovari ya kushoto ndogo. Akanyamaza, akahamia ya kulia, akasema, "Hiki hapa." Kinundu kipo, kikubwa, kimekomaa. Maana yake ng'ombe wangu alikuwa anazunguka kama kawaida na joto linapita usiku sisi tumelala. Miezi yote ile nilikuwa namwonea huruma kwamba hana uzazi.

Dokta akamchoma hapo hapo, kwa kuwa sasa anajua anachoma nini. Akanipa na maelekezo ya chakula, tumeshanunua mashudu. Jumanne saa kumi usiku mume wangu alitoka na tochi, akarudi mbio ananiamsha: ute umening'inia mpaka magotini. Jioni saa kumi na mbili akahimilishwa.

#21 Mfugaji wa Chanika

Dada, nimefurahi mpaka nimesimama. Wengine wameniuliza Neema yuko wapi. Yupo. Kondo lilichelewa, akapata usaha, akatibiwa, mwezi wa tano akarudi joto lenyewe bila sindano. Joto hilo nikaliacha lipite, nikamhimilisha mwezi wa sita. Dokta mwingine wa huku Chanika amempima kwa mkono mara mbili, ana mimba ya miezi mitano. Nimeandika kwa chaki ukutani juu ya kihori chake, kwa herufi kubwa, ANA MIMBA, ili hata kama sipo mtu yeyote atakayekuja na begi la dawa asome kwanza.

#22 Mzee wa Kibamba

Mwanangu wa Goba, siku ya 21 ni Jumanne. Anza kukesha Jumamosi usiku. Ukiona mkia mkavu, andika mkavu, usiache siku tupu kwenye daftari.

#23 Mama Zawadi wa Goba

Sawa mzee, shikamoo. Leo ni siku ya 17. Daftari limefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya banda, pamoja na kalamu. Mume wangu ameshaweka kengele ya simu saa nne usiku na saa kumi alfajiri mpaka Ijumaa ijayo.